Kontena la Taka Barabarani: Kibali Kwanza, Kifusi Baadaye

Atengenezaye nyumba hana budi kubomoa kwanza. Vigae vya zamani hung'olewa, plasta hubanduliwa, kabati zilizooza hutolewa nje, na kabla fundi hajaweka hata tofali moja jipya, mlima wa kifusi umekwisha kusimama mlangoni. Katika miji ya Uingereza, ambako nyumba nyingi zimeshikana ukuta kwa ukuta na mlango wa mbele hufungukia karibu na barabara, swali linalomsumbua mwenye nyumba mapema kabisa ni mahali pa kukiweka kifusi hicho.

Jawabu la kawaida ni kukodi kontena la taka. Lori lenye minyororo hufika asubuhi, hushusha sanduku kubwa la chuma lililo wazi juu, kisha huondoka. Mafundi hulijaza kwa siku kadhaa, na lori hurudi kulichukua pamoja na vilivyomo. Waingereza huliita skipu. Wamarekani huliita dampsta, jina lililotokana na ukoo wa Dempster wa mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, ambao katika miaka ya 1930 ulitengeneza mtambo wa lori wa kuinua na kumwaga masanduku ya taka. Mmoja wa ukoo huo, George Dempster, baadaye alikuwa meya wa mji huo.

Kontena linalokodiwa sana na mafundi wa Uingereza ni la yadi za ujazo 6, yaani mita za ujazo zipatazo 4.6. Likijaa zege na udongo huwa na uzito wa tani kadhaa. Ni chombo chenye manufaa makubwa, nacho kimewaokoa akina mama wengi na vumbi la miezi mingi. Hata hivyo, ni chuma kizito kilichosimama kimya mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Kwa mwenye nyumba ni pipa la taka. Kwa mpanda baiskeli ajaye gizani ni ukuta.

SHAURI LA MUME NA MKE

Mathalan, ichukuliwe familia moja yenye asili ya Afrika Mashariki, ikaayo mashariki ya London. Mume ni mlinzi wa usiku, mke ni muuguzi, na watoto ni watatu. Wameweka akiba kwa miaka minne ili watengeneze jiko lao. Fundi amepatikana na siku imepangwa. Limebaki jambo moja tu, nalo ni kontena.

Kampuni ya kwanza waliyoiuliza imewaambia wangoje siku kadhaa ili kibali kipatikane, na ada ya kibali itaongezwa katika bei. Mtu wa pili, mwenye lori lisiloandikwa jina, amesema ataleta kontena kesho alfajiri, bila karatasi yoyote na kwa bei nafuu.

"Baba watoto, ni siku tano tu," asema mke. "Nani atajua?"

"Mama, mimi nalinda milango ya watu usiku kucha," ajibu mume. "Najua jinsi giza linavyoficha vitu. Niache niulize kwanza."

Familia hiyo ni ya mfano, lakini shauri lake husikika katika nyumba nyingi. Mke anahesabu fedha, na hesabu yake si mbaya, kwani watoto wanahitaji viatu na jiko halina sinki. Mume naye anahesabu jambo lisiloonekana katika karatasi ya bei. Ili kuamua nani amehesabu vema, yafaa kujua sheria inasema nini.

BARABARA NI YA NANI?

Katika England na Wales, makontena ya taka yaliwekewa masharti kwanza katika Sheria ya Barabara ya mwaka 1971. Masharti hayo sasa yamo katika Sheria ya Barabara ya mwaka 1980, vifungu vya 139 na 140. Scotland ina sheria yake yenyewe.

Msingi wa kifungu cha 139 ni mwepisi kueleweka: hakuna ruhusa ya kuweka kontena la mjenzi juu ya barabara bila idhini ya mamlaka inayoisimamia barabara hiyo. Idhini hutolewa kwa maandishi, nayo hutaja barabara ambapo kontena litawekwa. Aidha, barabara katika sheria ya huko si lami peke yake. Njia ya waendao kwa miguu iliyo kandoni, na hata ukanda wa majani ulio ukingoni, ni sehemu ya barabara. Anayedhani kwamba ameikwepa sheria kwa kulisogeza kontena juu ya njia ya miguu ameongeza kosa, maana amewasukuma wazee na akina mama wenye vigari vya watoto waingie katikati ya magari.

Anayeliweka kontena ndani ya kiwanja chake mwenyewe, kama vile njia ya kuingizia gari nyumbani, hahitaji kibali cha barabara. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara huuliza kwanza kama kiwanja kina nafasi. Penye nafasi, shauri limekwisha.

Pasipo na nafasi, hatua ya kwanza ni kujua barabara iliyo mbele ya nyumba ni ya nani. Katika London, barabara nyingi za mitaa husimamiwa na halmashauri za wilaya za jiji, ambazo ni 32, pamoja na City of London yenye utawala wake. Lakini barabara kubwa zilizochorwa mistari myekundu ukingoni zimo mikononi mwa Transport for London. Mwenye nyumba iliyo katika barabara hizo akienda kuomba katika halmashauri yake, atakuwa amebisha mlango usiokuwa wake.

Hatua ya pili ni kujua nani anayeomba. Halmashauri nyingi hupokea maombi kutoka kwa kampuni yenye makontena, si kutoka kwa mwenye nyumba. Hutaka kampuni hiyo iwe imeandikishwa kwao, na iwe na bima ya kuwafidia watu wengine watakaoumia au kuharibiwa mali. Kiasi cha bima mara nyingi ni pauni milioni 5 au zaidi. Ada ya kibali, muda wake, na siku za kungoja hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine.

Hatua ya tatu husahauliwa na wengi. Kama mahali panapotakiwa ni sehemu ya kuegesha magari ya wenyeji kwa malipo, kibali cha kontena hakitoshi. Inabidi halmashauri iombwe kuisimamisha nafasi hiyo kwa siku zile, iweke tangazo mapema, na ada yake ilipwe mbali. Pasipo kufanya hivyo, lori hufika asubuhi likakuta gari la jirani limeegeshwa palepale. Dereva hawezi kungoja, kontena hurudi lilikotoka, na mwenye nyumba hulipia safari isiyokuwa na faida.

MASHARTI NA SABABU ZAKE

Kibali huja na masharti, na asomaye haraka huyaona kuwa ni usumbufu wa maofisa. Asomaye polepole ataona kwamba nyuma ya kila sharti yuko mtu.

Kontena lisizidi mita 5 kwa urefu na mita 2 kwa upana, na liwekwe sambamba na ukingo wa barabara. Sababu ni gari la zimamoto. Katika mtaa mwembamba wenye magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, nusu mita inatosha kulizuia gari la kuokoa watu lisipite.

Kontena lisiwekwe juu ya vifuniko vya mabomba wala vya maji ya zimamoto, na lisizibe mfereji wa maji ya mvua. Sababu ni jirani wa bondeni, ambaye mvua ikinyesha ndiye atakayeyakuta maji sebuleni kwake. Lisiwekwe karibu na njia panda wala karibu na mahali pa kuvukia watu, kwa kuwa mtoto mfupi anayetaka kuvuka haonekani nyuma yake, wala yeye haoni gari linalokuja. Moto usiwashwe ndani yake.

Sharti zito kuliko yote ni la usiku. Sheria yenyewe yataka kontena liwe na mwanga wa kutosha saa zote za giza. Kwa kawaida halmashauri huagiza taa za manjano katika pembe zote nne, na koni za barabarani upande unaotoka magari. Kanuni za mwaka 1984 ziliongeza alama: kila upande wa mwisho wa kontena lazima uwe na vibao vyenye mistari ya mshazari, myekundu na ya manjano, inayong'aa ipigwapo na taa za gari. Vibao hivyo havina budi kuwa safi. Kibao kilichofunikwa na vumbi la saruji ni sawa na kutokuwapo.

Msomaji wa Kampala, Mwanza au Bujumbura anaijua hatari hii kwa sura nyingine. Ni lile lundo la mchanga na kokoto lililomwagwa kando ya barabara na mtu anayejenga, likaachwa usiku bila taa. Ni lile lori bovu lililotandikiwa matawi ya miti tu, mita chache nyuma yake. Dereva wa pikipiki hulitambua lundo akiwa amekwisha kulifikia. Chuma cha London na mchanga wa nyumbani havitofautiani gizani.

Kibali chenyewe hakimfanyi mtu awe huru na lawama. Sheria inasema waziwazi kwamba idhini hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuleta hatari au kero kwa watumiaji wa barabara. Tena inasema kwamba mamlaka iliyotoa idhini haitabeba dhima ya majeraha au hasara itokanayo na kontena hilo. Mwenye kibali ambaye taa zake zimezimika hawezi kujificha nyuma ya karatasi.

MWENYE KONTENA NI NANI?

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Sheria humtwika mwenye kontena wajibu wa mwanga, wa alama, na wa kuliondoa mara linapojaa, mapema iwezekanavyo. Tena kontena lazima liwe na jina la mwenyewe na simu yake au anwani yake, vilivyoandikwa kwa namna isiyofutika. Avunjaye masharti hayo, au awekaye kontena bila idhini, aweza kutozwa faini isiyozidi pauni 1,000.

Mwenye nyumba husema moyoni: "Kontena ni la kampuni, basi mzigo ni wao." Kwa kukodi kwa siku chache hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini sheria ina maneno machache yenye uzito mkubwa. Mkataba wa kukodi ukiwa wa mwezi mmoja au zaidi, mbele ya sheria mwenye kontena si kampuni tena, bali ni yule aliye nalo. Familia inayokodi kwa wiki tano ili isiharakishwe imejitwika, pengine bila kujua, wajibu wote wa taa, alama na kuondoa.

Hata kwa siku chache, mzigo waweza kuhama. Kosa likitokea kwa sababu ya tendo au uzembe wa mtu mwingine, mtu huyo mwingine ndiye mwenye hatia. Fundi akizitoa taa ili amulikie jiko, au kijana wa nyumbani akizisogeza koni ili aegeshe gari la rafiki yake, hawawezi kusema kwamba kontena si lao.

MAMLAKA YA ASKARI MWENYE SARE

Kifungu cha 140 kitawavutia wale ambao kazi yao ni usalama wa raia. Kinampa askari polisi aliyevaa sare, sawa na mamlaka ya barabara, uwezo wa kumtaka mwenye kontena aliondoe au alisogeze. Uwezo huo upo hata kama kontena limewekwa kwa kibali halali na masharti yote yametimizwa. Kibali kilitolewa ofisini, wiki iliyopita, kwa kuangalia ramani. Askari yuko mtaani, saa hii, na anaona kwa macho yake kwamba basi haliwezi kupita.

Mwenye kontena akishaambiwa, hana budi kutii mapema iwezekanavyo. Asipotii ametenda kosa, na faini yake ni kama ile iliyotajwa juu. Askari au mamlaka waweza pia kuliondoa wenyewe, na gharama zikadaiwa kwa mwenyewe. Likiisha kuondolewa, mwenyewe hujulishwa inapowezekana. Asipopatikana, au akijulishwa naye asilifuate kwa muda wa kutosha, kontena na vilivyomo vyaweza kuuzwa au kutupwa. Fedha za mauzo hulipa gharama kwanza, na zinazobaki ni za mwenyewe akijulikana.

Uwezo huo una mipaka yake. Sheria inasema askari awe na sare, ili raia ajue anaamriwa na nani. Na mwaka 1988 mahakama ya huko iliamua kwamba askari lazima atoe agizo yeye mwenyewe, uso kwa uso, na kwamba kupiga simu kutoka kituoni hakutoshi. Askari anayetaka kitu kiondolewe barabarani hufika, husimama mbele ya mhusika, na husema anachotaka. Raia naye hupata nafasi ya kuuliza na kueleza. Ni mwenendo unaolinda heshima ya pande zote mbili.

TAKA ZINAKWENDA WAPI?

Kontena likijaa, kazi haijaisha. Lijazwe mpaka usawa wa ukingo wake, lisipandishwe kichuguu, kwa maana jiwe moja likidondoka kutoka kwenye lori laweza kuua. Kampuni ina haki ya kukataa kulibeba kontena lililozidishwa. Vitu vingine havitiwi humo kabisa: asbesto, betri, matairi, mitungi ya gesi, rangi za maji maji, na friji. Nyumba za zamani zina asbesto katika vigae vya sakafu, katika mabati ya kibanda cha uani, na penginepo. Fundi asiyeijua vumbi lake huivuta mwenyewe na kuwavutisha watoto wa nyumba.

Sheria ya Kulinda Mazingira ya mwaka 1990, kifungu cha 34, inamtaka kila anayeshughulika na taka awe mwangalifu mpaka zifike mahali pa halali. Mwenye nyumba naye anatakiwa kuchukua hatua za kutosha ili kuhakikisha kwamba taka zake amempa mtu aliyeruhusiwa kuzibeba. Katika England, wachukuzi wa taka huandikishwa na Shirika la Mazingira la serikali, na orodha yao ipo wazi kwa kila mtu kuitazama.

Ndiyo maana yule mwenye lori lisilo na jina ni wa kuogopwa mara mbili. Asiyetaka kibali cha kuweka kontena mchana mbele ya mlango wa watu, yaelekea hatajali sana mahali pa kulimwaga usiku. Taka zikikutwa zimetupwa kichochoroni au shambani kwa mtu, wakaguzi huzipekua, na bahasha moja yenye anwani inatosha kuwaleta mlangoni kwa mwenye nyumba. Mwenye lori hana jina, lakini bahasha inalo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Mwenye nyumba anayetaka kulala usingizi huuliza maswali machache, naye hutaka majibu kwa maandishi. Je, barabara hii ni ya mamlaka gani, na nani ataomba kibali? Kibali kitaanza na kuisha lini? Je, nafasi ya kuegesha magari imesimamishwa? Nani ataleta taa na koni, na nani atazikagua kila jioni? Je, kampuni ina bima, na imeandikishwa kuchukua taka? Muda wa kukodi umefika mwezi mmoja? Kampuni njema hujibu yote bila kununa. Inayochukizwa na maswali imekwisha kujibu.

Basi ile familia ya mashariki ya London ilingoja. Kibali kilipotoka, lori lenye jina lilileta kontena mchana, likalilaza sambamba na ukingo, na dereva akafunga taa nne pembeni. Mke alilipa zaidi ya alivyotaka, na viatu vya mtoto mmoja vikasubiri mwisho wa mwezi.

Jioni ya kwanza, kabla ya kwenda kazini, mume alilizunguka kontena. Taa moja ilikuwa haiwaki. Akapiga simu kwa kampuni, akasimama pale mpaka ikaletwa nyingine, ndipo akaenda kulinda milango ya watu.

Yule mama alikuwa ameuliza nani atajua. Kontena lisilo na taa, mtu wa kwanza kulijua ni yule anayeligonga, naye hakuulizwa shauri lilipofanywa. Kibali ni njia ya kumwulizia. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.